Jina la Ba Nsama Kwenye Gari la Dédé

Jumatatu, 17 Februari

Vimefika. Vibao viwili vya gari, cha mbele na cha nyuma, vimesafiri kutoka Lusaka chini ya kiti cha dereva wa basi. Nimevifungua nyuma ya kibanda changu cha salaula, nimejifunika suruali za mitumba ili majirani wa soko wasione. NSAMA. Herufi tano nene, bila namba hata moja. Nimezipapasa.

Niandike mpango wote hapa, maana nikiusema kwa mdomo watu wa Kashikishi watauiba. Serikali inakubali mtu aweke jina kwenye gari badala ya namba. Jina likishachukuliwa, basi, hakuna mwingine wa kulipata nchi nzima. Sasa, nani tajiri kuliko wote kwenye ufuko huu? Ba Nsama, mwenye lori na Prado nyeupe. Mtu kama huyo lazima siku moja atake jina lake barabarani. Ataambiwa limeshachukuliwa. Na nani? Na Méschac, mkimbizi kutoka Pweto, muuza mitumba ambaye hana hata baiskeli. Atanibembeleza. Nitamuuzia kwa bei mara tatu.

Gari ni la Dédé, mdogo wake mke wangu Marthe. Kibao lazima kiandikishwe kwa gari fulani, na mimi sina, basi nilimsainisha Dédé kwa ile Corolla yake ya teksi yenye mlango unaofunguka wenyewe. Nilimwambia ni heshima kwa ukoo. Dédé haelewi biashara.

Bei sitaiandika. Niseme tu ni sawa na mabati kumi na mawili. Nasema mabati kwa sababu hela zilikuwa za mabati. Marthe amezikusanya mwaka mzima kwa kuuza vitumbua, akanipa mimi nikanunue. Anajua mabati yapo dukani yanatungoja. Fundi Chisanga anakuja Jumamosi na ngazi yake. Mpaka Jumamosi nitakuwa nimeuza jina, nimenunua mabati, na Marthe hatajua kitu ila kwamba ameolewa na mwanaume wa akili.

Kitanda tumekisogeza kwenye kona ya mlango. Mvua inaingia juu ya mto wa Marthe.

Jumanne, 18 Februari

Dédé amefunga vibao asubuhi. Gari limependeza kutoka mbele na kutoka nyuma. Ubavuni usitazame.

Nimekwenda kwa Ba Nsama kwa miguu, shati jeupe, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia. Binti yake Febby amesema baba yuko Chienge, amefuata mihogo. Tangu ziwa lifungwe kwa uvuvi Desemba, eti baba anauza mihogo tu. Nimesifu bidii yake. Mihogo ya pale uani inanuka samaki kupita kiasi, lakini sikuja kuchunguza.

Dédé naye ameharibika ndani ya siku moja. Askari wa barabarani wamemsalimia kwa mkono kichwani. Kwenye pampu ya mafuta wamemtanguliza mbele ya foleni. Mama mmoja amempa ndizi bure na kumwomba amfikishie Ba Nsama salamu. Jioni ameanza kusema polepole, mkono mmoja nje ya dirisha. Ndizi zilikuwa zangu kwa haki. Hakuniachia hata moja.

Jumatano, 19 Februari

Nimemkuta! Nimemwita Dédé alete gari mpaka getini. Ba Nsama amelizunguka mara mbili. Nikataja bei. Akacheka mpaka akaegemea mlango, mlango ukafunguka, nusura aanguke ndani.

Amesema, kwa kile Kiswahili chake cha kununulia samaki: "Iwe, weye, mutu akiandika jina yake ku motoka, anapenda wageni. Miye sipendi wageni."

Nimeshusha hadi mara mbili, akakataa kwa Kibemba. Awe. Nimeshusha hadi bei niliyonunulia. Awe. Nimeshusha hadi mabati manane. Awe, awe. Tulipokuwa tunaondoka akamuuliza Dédé kama kesho anaenda Mununga, na saa ngapi. Akasema tusivitoe vile vibao, vinapendeza sana pale vilipo.

Huo ni ujanja wa mnunuzi. Anayesifu bidhaa anaitaka. Kesho nitaenda Mununga pamoja na Dédé, ndugu zake Ba Nsama wako kule, waone jina la ukoo wao kwenye teksi na waingiwe na aibu. Watamlazimisha anunue.

Marthe ameuliza mabati ni ya rangi gani. Nimesema ya kung'aa. Kitanda kiko katikati ya chumba sasa, kama cha mgonjwa.

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbaya. Naandika huku kiuno kinauma.

Tulikuwa watu wawili na furushi moja la salaula nililotaka kuuza kule. Kabla ya Mununga kuna kizuizi cha maofisa wa uvuvi. Ziwa linafunguliwa mwezi ujao tu, atakayekamatwa na samaki kabla ya hapo ana kesi. Sisi hatukuwa na samaki. Nilikuwa natabasamu.

Walipoona NSAMA walisimama wote, hata yule aliyekuwa anakula. Mmoja akasema kwa Kibemba kwamba leo ndiyo leo. Waling'oa viti. Walifungua buti, wakafungua tairi la akiba. Walifungua furushi langu na kukagua sidiria moja baada ya nyingine, wakizinusa kwa umakini wa kazi. Dédé aliulizwa yeye ni nani kwa Nsama. Akajibu, polepole, kwamba wanajuana. Mpumbavu! Wakaanza upya.

Wakati maofisa wote wamo ndani ya Corolla, lori la Ba Nsama likapita taratibu nyuma yao. Namba za kawaida ambazo mtu hawezi kuzikumbuka, mihogo juu. Dereva akapiga honi kidogo. Upepo ulioachwa nyuma ulinuka samaki mpaka machozi. Mimi nikampungia mkono, kwa adabu.

Nimeelewa tulipofika nyumbani. Ba Nsama hakununua jina lake kwa sababu analitumia bure. Maofisa wa uvuvi walikuwa wanalitafuta jina hilo msimu mzima, na mimi nimewapelekea, kwa hela za vitumbua, ili mwenyewe apite.

Ijumaa, 21 Februari

Dédé ana koti jipya. Ba Nsama amemjazia tangi na kumpa bahasha, ili leo alitangulie lori tena. Nimemwambia nusu ya bahasha ni yangu, kibao ni changu.

Akanijibu shemeji yangu huyu: "Bofrere, karte ya motoka iko na jina ya nani?"

Iko na jina yake. Nilimsainisha mwenyewe, nikimpulizia wino ukauke.

Nimekimbia kwa Ba Nsama kudai haki. Febby amesema baba yuko Chienge. Miguu ya baba ilikuwa inaonekana chini ya pazia, na soksi. Nimeisalimia miguu na kuondoka.

Lakini mwanaume wa akili hakosi mlango wa pili. Nsama si mmoja tu! Kuna mwalimu Nsama wa shule ya msingi, mtu mstaarabu, ana baiskeli. Nimemweleza thamani ya jina. Amependa. Tumechukua vipimo kwenye baiskeli. Cha mbele kingempiga magoti, cha nyuma kingemkata anayepakiwa. Hata hivyo alisema angekitundika sebuleni, akanipa bei yake, ambayo ni kuku mmoja jike. Nimecheka kwa dharau. Kuku kwa mabati kumi na mawili.

Fundi ametuma ujumbe kwamba kesho anawahi. Kila nikisikia baiskeli nje nachungulia. Nimeshindwa kula, na Marthe anafikiri ni malaria.

Jumamosi, 22 Februari

Dédé alifika kwanza asubuhi, bila koti. Jana maofisa walimwona NSAMA akija, wakafungua kizuizi, wakampitisha kwa tabasamu kubwa. Kisha wakafunga na kulisimamisha lori. Mihogo ilikuwa tabaka moja tu. Lori limeshikwa. Ba Nsama alikwenda kwa Dédé mwenyewe, hachekicheki tena, akasimama pale mpaka parafujo ya mwisho ilipotoka. Amedai na koti. Dédé amerudisha namba zake za zamani na kunitupia vibao uani.

Nimevikimbiza kwa mwalimu Nsama. Nikasema nakubali kuku. Mwalimu amefungua dirisha tu, si mlango. Amesema jina lile sasa lina kesi, hata yeye kwenye daftari la shule anafikiria kutumia la ubatizo.

Niliporudi, ngazi ya fundi Chisanga ilikuwa imeshaegemea ukuta.

Marthe ameniuliza, akiniita kwa mtoto wetu: "Baba Plamedie, mabati iko wapi?"

Nimesema duka limefungwa. Akasema ametoka hapo sasa hivi, liko wazi, na hakuna mabati ya mtu anayeitwa Méschac. Nimesema basi yako njiani. Akakaa kitandani, pale katikati ya chumba, akaniuliza tena kwa sauti ileile ndogo. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Nimetoa vibao. Amekishika kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena, kama anatafuta mabati mengine nyuma yake.

"Vitumbula yangu yote ya mwaka, ni hii?"

Nimeona aibu. Naandika kama ilivyo, nimeona aibu mpaka masikio. Kila siku anaamka kabla ya jogoo kukanda ule unga, na mimi hela zake nimezinunulia jina la mwanaume mwingine.

Fundi Chisanga alikuwa anasikiliza mlangoni. Alichukua kibao, akakigonga kwa kidole, akasema ni chuma kizuri, kinene kuliko bati lolote la juu ya nyumba hii. Akapanda. Tundu la juu ya mto wa Marthe kimeliziba lote, bila kukata hata pembe. Amekipigilia herufi zikitazama chini, kwa sababu jua litakula rangi. Kibao cha pili Marthe amekichukua kutolea majivu ya mbabula, jiko letu la makaa. Huku akipigilia, fundi alikuwa anatusimulia kuhusu mtumbwi mpya anaochongewa, uwe tayari ziwa likifunguliwa.

Jumapili, 23 Februari

Mvua kubwa tangu alfajiri. Kitanda kimerudi mahali pake. Matundu mengine yanavuja, beseni zimejaa, lakini juu ya mto wa Marthe hakuna tone. Amelala chali, ametazama juu muda mrefu. Akaliamkia jina kwa Kibemba, "Mwashibukeni, Ba Nsama." Mimi hakunisalimu. Amesema hajawahi kulala chini ya jina la mwanaume mwingine, lakini huyu angalau anazuia mvua.

Basi nimepima thamani yake. Nimelipa mabati kumi na mawili, nimepata kipande kimoja kisichozidi sinia. Kanisani mchungaji amehubiri juu ya tamaa na Marthe amenitazama kuanzia wimbo wa kwanza hadi sadaka. Nimekubali kila neno. Nimemaliza na mambo ya magari, mbele ya Mungu.

Kosa lilikuwa magari. Magari yana vizuizi, yana maofisa, yana kina Dédé. Lakini Jumamosi ijayo ziwa linafunguliwa. Kutoka hapa hadi Mununga mitumbwi yote itarudi majini, na hakuna hata mmoja wenye jina la mwenyewe kwa chuma! Rangi tu, inayofutika. Na fundi Chisanga ana mtumbwi mpya, tena anakuja Jumatano kuchukua malipo yake, ambayo kwa sasa sina. Mtu kama yule lazima atake jina lake.

Kibao cha pili nyuma hakina maandishi. NSAMA inaonekana kinyumenyume kidogo, ila rangi nzito itafunika. Nimepima kwa vidole, CHISANGA inaenea.

Marthe ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nimesema ni mahubiri, nisiyasahau. Amefurahi, kwa mara ya kwanza tangu jana, akaenda zake kanisani kuimba, mazoezi ya koro. Kibao amekiacha kando ya mbabula, kimejaa majivu.

Nimeshakiosha.