Dakika Zangu Kumi na Siku Zenu Sitini na Nne

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Parole,

Salamu za heshima kutoka seli namba sita. Huku hatujambo sote, isipokuwa anayelala karibu na mlango, ambaye ndiye mimi, kwa sababu ya baridi.

Mimi ni fundi saa. Mwaka jana mliniachia huru kwa masharti, nami nikawa naripoti ofisini kwenu kila Jumatatu saa tatu asubuhi bila kukosa. Jumatatu moja nilipoingia, saa yenu ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi. Ofisa akaandika nimechelewa, nikarudishwa ndani siku hiyohiyo. Kwa wepesi huo nawapongeza.

Sheria yasema aliyerudishwa ndani kwa kuvunja masharti asikilizwe katika siku thelathini. Leo ni siku ya tisini na nne. Malalamiko yangu, kwa unyenyekevu, ni haya:

1. Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa kuwa wewe ulisafiri. Mimi nikitaka kwenda mji wa pili lazima niombe kibali. Naomba kujua chako alikitia saini nani.

2. Kikao cha pili faili langu halikuonekana. Mimi nilionekana, nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimenyoa ndevu. Cha tatu, wito ulinifikia siku mbili baada ya kikao, na karani ameshaandika kwamba sikuhudhuria.

3. Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo. Ameshasogeza tarehe mara mbili kufuata ratiba yenu, na Jumapili alipokuja kunitazama akaniambia, "Baba, mara hii sisogezi tena." Nisipokuwepo, atakayesimama mahali pangu ni shemeji yangu, mtu ambaye akipewa kipaza sauti hakirudishi. Naumia, Mheshimiwa, na wageni nao wataumia.

4. Saa yenu ni mbovu. Yangu ya mkononi ilisema saa tatu kasoro dakika kumi, na mimi si mtu wa kudanganywa na saa. Naomba fundi aliyeitengeneza asakwe popote alipo, awekwe ndani badala yangu, na kikao chake kisiharakishwe hata kidogo.

5. Wakati anasakwa, naona ni haki wajumbe wote wa Bodi wawe wanaripoti kwangu kila Jumatatu. Atakayechelewa dakika kumi atalala pale mlangoni. Nitamsikiliza katika siku thelathini, faili lake likionekana.

Wasalimie wajumbe wote, karani, tarishi, na ofisa wangu mwenye mkono mwepesi wa kuandika.

Wako mtiifu, nisiye na pa kwenda,
Fundi Saa

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, askari ameniletea ile saa yenu niitazame, maana sasa imesimama kabisa. Nimeifungua. Ndani ya kifuniko kuna alama ya fundi, nayo ni yangu. Tarishi wenu aliileta kibandani kwangu mwaka jana bila fremu, ndiyo maana sikuitambua ukutani. Basi fundi wa lalamiko namba nne ameshapatikana, na ameshafungwa. Naomba tu yale maneno ya kutoharakisha kikao chake yafutwe. Ana binti anayeolewa Jumamosi.