Malalamiko Kuhusu Chupa za Mvua za Darasa la Tano

Gudele, Juba
Alhamisi, 21 Mei 2009

Kwa Mwalimu Nyaruot,
Mhariri wa *Sauti ya Madarasa*,
Ofisi ya Elimu.

Mwalimu Mhariri,

Pokea salamu zangu zenye adabu, ingawa naziandika nikiwa na hasira. Mimi ni Erifazi Isabirye, fundi wa mageti na madirisha ya chuma, Mganda, mkazi wa Gudele kwa mwaka wa tatu sasa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nimeambiwa wewe ulikulia na kusomea Eldoret, na Kiingereza changu kinatosha kusoma mfuko wa saruji tu. Kwa ufupi ni hivi: niko karibu kumpoteza mchumba wangu Norah kwa sababu ya chupa ya maji iliyokatwa shingo, na chupa hiyo ni yenu.

Sina ugomvi na elimu. Mimi mwenyewe nilifika darasa la saba, na ningeendelea kama isingekuwa mambo fulani. Lakini kuna elimu na kuna uchokozi, na naomba nipange malalamiko yangu kwa namba, maana siku hizi naona ofisi yenu haisikii lugha nyingine.

1. Muhula huu gazeti lenu la ukurasa mmoja lilitangaza kwamba sayansi haitafundishwa tena kwa kukariri ubaoni, bali watoto watafanya kwa mikono yao. Nilifurahi. Nikadhani wataosha sufuria. Kumbe darasa la tano la kila shule, kuanzia Gudele hadi Gumbo na mpaka Nesitu kwenye barabara ya Nimule, limekata chupa za maji, likageuza shingo kuwa faneli, likabandika rula ubavuni na kuzifukia chupa nusu ardhini. Kila asubuhi saa mbili mtoto anasoma mvua imefika milimita ngapi. Kila Jumatatu mchana mnachapisha jedwali la wiki nzima, mnalibandika kwenye mlango wa kanisa, kwenye kituo cha basi ndogo na, kwa sababu nisiyoielewa, kwenye nguzo iliyo mbele ya karakana yangu.

2. Kabla ya jedwali hilo mji huu ulikuwa na amani. Wewe unaishi hapa, unajua. Mtu akikosa kufika mahali alisema "mvua", na neno hilo lilitosha kama barua yenye muhuri. Aliyeambiwa alitazama miguu yake, akakumbuka tope, akasema malesh, yaani si kitu, yakaisha. Hakuna aliyeuliza mvua ya wapi, ya saa ngapi, wala kiasi gani. Tulitofautiana kwa makabila, kwa makanisa na kwa namna ya kupika maharagwe, lakini kwa jambo hili tulikuwa kitu kimoja. Sasa mmetugawia mvua mtaa kwa mtaa, na kila mtaa una namba yake.

3. Mteja wangu Bona aliagiza geti kabla ya Pasaka. Nakiri geti halijaisha. Kila alipokuja nilimweleza kwa upole kwamba kuchomelea chuma kwenye mvua ni kujiua kwa umeme, naye alinishukuru kwa kuyajali maisha yangu. Jumanne hii alikuja na gazeti lenu limekunjwa mfukoni. Akalikunjua juu ya meza yangu, akaweka kidole, akasoma: Gudele, Jumatano sifuri, Alhamisi sifuri, Ijumaa milimita mbili. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, kama milimita mbili zinaua. Kuchomelea nilijifunza Malaba, na huko hatukufundishwa milimita za mvua.

4. Na si mimi peke yangu. Ofisi moja hapa mjini, jina nalihifadhi, jana Jumatano ilipata wafanyakazi wake wote kwa siku moja. Viti havikutosha. Waliokosa viti walisimama ukutani mpaka saa sita wakiulizana majina, kisha mkubwa wao akawaomba warudi nyumbani kwa usalama wa jengo. Kwaya ya kanisa letu ilikuwa na waimbaji tisa tangu Februari. Sasa ina arobaini na mmoja, na wengi wao hawajui wimbo hata mmoja kwa sababu mazoezini walikuwa hawaji. Jumapili tuliimba sote, na mchungaji akafupisha ibada. Haya ndiyo matunda ya sayansi ya mikono.

5. Nilijaribu kulimaliza jambo hili kiungwana. Chupa ya Gudele iko chini ya ulinzi wa mwanafunzi mmoja aitwaye Akuac, mwenye miaka kumi na mmoja. Ijumaa iliyopita nilimkuta amelala kifudifudi kwenye tope, jicho moja amelifumba na jingine liko sawa na maji, kwa sababu mmewafundisha kwamba anayesoma kipimo akiwa amesimama anajidanganya. Nikamsalimu vizuri, nikamnunulia soda na chapati, nikamwomba aongeze milimita kumi tu kwa siku ya Alhamisi, siku ambayo kwa vyovyote ilikuwa imeshapita na haiwezi kumdhuru mtu. Soda alikunywa. Chapati alikula. Halafu akatoa daftari. Toleo la Jumatatu hii, chini ya kichwa "Mambo yanayoweza kuharibu vipimo", limetaja mbuzi, upepo, majani makavu na Fundi Erifazi. Mimi ni mtu mzima, Mwalimu. Kuwekwa nyuma ya majani makavu kumeniuma.

6. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Jumapili ya tarehe 10 nilitakiwa Gumbo, ng'ambo ya daraja, nikaonekane kwa Mama Natalina, mzazi wa Norah, na kwa ndugu zake wanne wa kiume. Ilikuwa siku ya tatu kupangwa. Nilijiandaa. Nilipiga suruali pasi mara mbili. Kisha nikakaa kitandani na viatu mguuni, nikaogopa. Sitaki kukuficha: niliogopa sana. Nilimwogopa mama ambaye sijamwona, niliwaogopa hao wajomba wa Norah, na nilikiogopa Kiarabu cha Juba, ambacho kwangu kinaishia kwenye bei ya vyuma. Niliogopa kuulizwa mbele ya watu huyu Mganda katoka wapi na atarudi kwao lini. Nikampigia Norah, nikasema niko Nesitu natoka Nimule na mzigo, mvua imefunga barabara. Alinionea huruma, masikini. Aliniambia nisihangaike kuvuka kijito cha huko, bora uzima.

Jumatatu jedwali likatoka: Nesitu, Jumapili, sifuri. Nasikia Mama Natalina alisomewa mara mbili, akasema "matara mafi", yaani mvua hakuna, akaingia jikoni. Norah hakupiga simu. Alinitumia ujumbe wa neno moja: sifuri. Baadaye akaniwekea siku ya mwisho, Jumapili hii ya tarehe 24, saa tisa alasiri, na baada ya hapo khalas, yameisha. Najua mtasema njia ya mwongo ni fupi. Anayesema hivyo hajapita barabara ya Nimule mwezi wa tano.

7. Kinachonitisha zaidi ni muhula ujao. Mmetangaza kwamba darasa la sita watajifunza joto kwa vipimajoto, na mwendo kwa saa na kamba. Hebu fikiri. Vipimajoto vikishaingia mitaani, nani ataweza tena kuugua malaria ya siku moja, ya Ijumaa? Na huo mwendo ndio utakaotumaliza kabisa. Mkazi wa Juba akiulizwa kwenye simu yuko wapi, hujibu yuko darajani. Anaweza kuwa anaoga, anaweza kuwa yuko mbali huko Yei, jibu ni darajani. Kwa hesabu yangu daraja lile limebeba mji mzima kila siku bila kulalamika. Siku watoto wenu watakapokaa pale na madaftari kuhesabu waliopo kweli, ndoa zitaanguka, biashara zitaanguka, na vikao vya wakubwa navyo vitalazimika kuanza kwa wakati.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, chupa zote zing'olewe. Ikishindikana, jedwali litumie maneno ya kibinadamu kama "kiasi" na "ya kutosha" badala ya namba. Hilo nalo likishindikana, basi kila mtu mzima apewe siku kumi na mbili za mvua kwa mwaka, azitumie atakavyo kama likizo. Na watoto wakiipenda sana sayansi, wafundishwe nyota, hata kama mikono yao haizifikii. Sijawahi kusikia mtu aliyeshindwa kufika ukweni kwa sababu ya nyota, kwa hiyo huko hakuna atakayeumia.

Nisalimie walimu wote, wanafunzi wote, wapishi wa uji, na mlinzi wa ofisi yenu aliyenitoa nje Jumatatu kwa kunishika kiwiko. Msalimie na Akuac. Mwambie sina kinyongo, au ninacho kidogo tu.

Ni mimi jirani yenu, niliyeumizwa lakini bado nina adabu,

Erifazi Isabirye
Mageti na Madirisha ya Chuma, Gudele

N.B. Naongeza haya nikiwa Nesitu, Jumapili tarehe 24, saa nane na nusu mchana.

Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu. Mficha uchi hazai, na mimi nataka kuzaa, kwa hiyo nasema. Ijumaa jioni nikielekea Nimule kuchukua vyuma, nilisimama hapa shuleni, watoto wakiwa wameshaondoka, nikaing'oa chupa yenu na kuificha chini ya kiti cha gari. Sikukusudia kukwepa safari hii. Niliichukua kama akiba, woga ukinirudia pasiwe na sifuri ya kunisuta, jinsi dereva anavyobeba tairi ya ziada. Leo asubuhi nilivaa suti nikiwa bado njiani, nisije nikapata nafasi ya kubadili nia. Saa nne mvua ikashuka hapa, mvua yenyewe, kijito kikajaa mpaka ukingoni, na malori yamejipanga nyuma yangu hata sioni mwisho wake. Nimempigia Norah. Gumbo jua linawaka, na mama yake ameanika mtama. Hakunigombeza, ndiyo maana nimeogopa. Alisema tu kwamba watasubiri jedwali la Jumatatu. Na kwenye jedwali la Jumatatu Nesitu itakuwa na kistari tu, bila namba, kwa sababu chupa ya Nesitu ninayo mimi.

Nimeirudisha ardhini, Mwalimu. Niliifukia mahali pa wazi, mbali na miti, kama lilivyoelekeza toleo lenu la tatu, ambalo nililisoma ili nilipinge. Mvua ilipokatika nililala kifudifudi na suti yangu, nikafumba jicho moja. Ni milimita hamsini na nane. Madereva watatu wameangalia mmoja mmoja, wakatia sahihi nyuma ya karatasi hii. Walinishauri niandike themanini, kwa kuwa nusu saa ya kwanza ilikuwa imeshanyesha kabla sijaifukia chupa. Nimekataa. Nusu saa hiyo sikuipima.

Barua inaondoka sasa hivi na mwenye pikipiki. Wanaume wanne wameibeba pikipiki yake mabegani kuivusha, naye anawafuata na viatu mkononi. Mimi nitavuka maji yakipungua. Nakuomba chupa msizing'oe. Chapisheni hamsini na nane, na Akuac akitaka kunihoji nitakuja mwenyewe, bila soda. Na chini ya jedwali, kama nafasi ipo, andikeni hata kwa herufi ndogo kwamba aliyepima Nesitu alikuwa amevaa suti, na alikuwa njiani kweli.