Wafagiaji wa Bahari Yetu ya Butembo

Jumatatu, 5 Machi 2001

Mchanga wa akwariamu yetu ya maji chumvi umeota utando wa kahawia. Aibu. Bahari pekee ya Butembo, iliyofika kutoka Dubai pamoja na vitenge vya baba mdogo Zorobabel, leo inafanana na sufuria ya jana. Ndani amebaki samaki mmoja wa manjano. Baba mdogo alitaka kumwita Président. Mama mdogo Anne-Marie akasema marais wanatosha, kila kundi la waasi lina wake. Basi anaitwa Directeur.

Mezani baba mdogo ametoa hukumu. Jumapili wazee wa kanisa wanatoka Kipese kuja kuiona bahari. Wakikuta uchafu huu, sanduku la kioo litakuwa kabati la sahani, na mimi nitarudi kijijini Musienene kupanda maharagwe. Nimesoma biolojia Kisangani mpaka vita ikafunga njia, na mwisho wake maharagwe. Hapana.

Bénite, binti yao, akasema tutoe mchanga tuuoshe kwa beseni. Nikamwambia mchanga wa bahari ni kitu hai, hauoshwi kama mchele. Kitabu changu cha Kifaransa kinasema wazi kwamba sakafu ya bahari husafishwa na wanyama: konokono, kaa, na concombre de mer, yaani jongoo bahari, mnyama laini asiye na uso, anayekula mchanga mchafu na kuutoa safi. Kwangu imebaki kuchagua tu. Nimeshashinda.

Jumanne, 6 Machi

Konokono. Nimewaokota kwenye kabichi za mama mdogo. Kitabu kinasema konokono, hakisemi wa wapi. Nimechagua wanene, wenye sura ya kazi. Nikawashusha kwa kijiko.

Chumvi wameikataa. Hawakugusa hata chini. Walipanda kioo, wakatoka kwa mstari kama watu wanaotoka kanisani. Mmoja tumempata kwenye kitambaa cha redio. Mwingine ndani ya kofia ya baba mdogo, naye ameshaivaa. Bénite akaniuliza: "Dada Tamar, bafanyakazi yako balifanya grève? Ao na weye haulipake, sawa État?"

Mgomo, eti, kama wa watumishi wa Serikali wasiolipwa. Nimethibitisha kwamba konokono wa Butembo hupanda kioo kilichosimama wima hata akiwa na hasira. Hilo halimo kitabuni. Ushindi.

Jumatano, 7 Machi

Kaa. Nimemkamata mwenyewe mtoni Kimemi, sketi nimeifunga kiunoni, watu wamejaa darajani kunitazama. Walidhani nimedondosha pete. Tangu asubuhi nimemtilia chumvi kidogo kidogo kwenye beseni ili azoee. Stage, mazoezi ya kazi, kama ya mwanafunzi. Amefaulu. Alasiri nikamteua.

Bidii yake sijawahi kuiona kwa mtumishi yeyote wa Serikali. Alichimba, akasukuma mchanga wote pembe moja, akajenga mlima, akakaa juu yake. Directeur alikimbilia nyuma ya pampu, mkia umepungua. Mama mdogo akamtoa kaa kwa mwiko wa fufu. "Tamar mutoto yangu," akasema, "huyu njo wa sauce. Chumvi alishakuwa nayo."

Tumemla. Alikuwa mtamu. Nusu ya sakafu ya akwariamu sasa ni safi kabisa, kwa sababu haina mchanga. Nusu ya ushindi nayo inahesabiwa.

Alhamisi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mji mzima uko kwenye défilé, gwaride la sikukuu, na vitenge vipya. Mama mdogo amebaki jikoni. Alisema hakuna aliyemkumbuka hata kwa ua. Aliiambia sufuria, si mimi, na mimi nilikuwa na haraka.

Njia ya Beni imefungwa tena na watu wenye bunduki. Nikaenda kwa Sikuli, mwenye phonie, ile redio ya kupigia kelele mpaka Beni. Huko yuko Mathe, rafiki wa baba mdogo, mfanyabiashara ambaye mizigo yake inatoka Mombasa. Mombasa kuna bahari. Nikaagiza concombre de mer, wengi, kwa ndege ya Jumamosi.

Phonie ilikwaruza vibaya. Beni wakauliza kitu juu ya mama. Mama gani? Watu wa heshima, hata vitani hawasahau salamu. Nikajibu mama Anne-Marie, hajambo sana. "Bien reçu," wakasema, yaani ujumbe umefika. Sikuli akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani ameanza kunipenda.

Ijumaa, 9 Machi

Utando umekuwa mnene. Nimemkataza Bénite kuugusa. Ni chakula cha mgeni wangu.

Jumamosi, 10 Machi

Nimekwenda uwanja wa ndege wa Rughenda na ndoo ya maji ya bahari, ili mgeni asisafiri mkavu. Mwanajeshi kwenye kizuizi alidhani ni kasiksi, pombe ya ndizi. "Oyo nini?" Nikasema bahari. Akaonja. Akatema, akanipisha upesi, kama mtu anayempisha mgonjwa.

Ndege ikatua. Nikapewa gunia. Ndani, matango. Ya bustani, ya kijani, ya saladi. Na karatasi: "Concombre ya mère Anne-Marie."

Kwa Kifaransa, concombre ni tango, na bahari na mama ni sauti moja mdomoni. Mtu aliyesoma anatofautisha. Kosa ni la Beni.

Nilirudi kwa miguu. Nilijiona nimeinama shambani Musienene, kitabu kinaoza sandukuni, na jirani ananiuliza Kisangani walinifundisha nini. Ndoo ilikuwa nzito. Sikuimwaga.

Mlangoni mama mdogo akasoma karatasi. Akakaa chini. Akasema tangu aolewe, tarehe 8 Machi ni ya bibi za wengine. Akauliza nani alimkumbuka. Nikasema mimi. Akalia. "Weye urudi Musienene?" akasema. "Huyo baba yako mudogo atapita kwanza juu yangu."

Jumapili, 11 Machi

Jana nililala bila kuitazama bahari, na leo mchanga unang'aa! Mweupe, umelala sawa mpaka pembeni. Directeur anapita juu yake kama bwana harusi. Mzee mmoja wa Kipese amevua kofia. Baba mdogo akaniuliza mbele yao ni mnyama gani mwishowe. Nikajibu kwamba ni matunda ya uchaguzi wa juma zima. Akasema nabaki, na bahari ni yangu.

Walipoondoka, Bénite akaniita jikoni, anakata matango. Kumbe jana, nilipokuwa Rughenda, alinyonya uchafu wote kwa mpira mpya wa kunyonyea mazout, dizeli ya magari, akauosha mchanga kwa beseni. Mpaka leo ulimi wake una chumvi. Nikamuuliza sababu. "Mu hii vita yote, dada, njo weye tu unanichekesha. Ukienda, nitabakia na nani?"

Nikafikiri sana. Mpira: laini, hauna uso, unakula uchafu huku na kuutoa kule. Kwa kila kipimo cha kitabu, ni concombre de mer. Nilikuwa na haki tangu Jumatatu. Nikamweleza Bénite. Akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Furaha ya sayansi inaambukiza.

Kitabu kinasifu pia étoile de mer, nyota ya bahari, kwamba mchanga inauchambua chembe kwa chembe. Kesho asubuhi naenda kwa Sikuli kuiagiza. Safari hii nitatamka kwa nguvu zaidi.