Mkono wa Ubelgiji

Jumatatu, 6 Machi 2017

Balaa! Kahindo, rais wa home yetu ya wanafunzi hapa Rwambuzi, Bunia, amebandika majina ya salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja ya Jumamosi. Wengine watafagia uwanja. Mimi nimepewa mtaro wa vyoo. Mimi, Donatien, mpiga gitaa niliyeomba nafasi katika chuo cha muziki Ubelgiji! Vidole hivi havikuumbwa kwa ajili ya tope.

Dawa nimepata. Falone anasomea uuguzi na hawezi kumwona mtu akilia. Nililia kidogo. Akanifunga bendeji mkono wa kushoto mpaka kwenye kiwiko. Nimetangaza kwamba nilianguka na pikipiki njia ya Marabo. Njia ile siku hizi haina usalama, watu hawaipiti bila sababu, kwa hiyo hakuna atakayeenda kuchunguza. Kahindo amefuta jina langu. Nina kichwa mimi!

Jumanne, 7 Machi

Maisha matamu. Hapa home mgonjwa hafanyi kitu. Bernadette wa upande wa wasichana amenipikia sombe ya majani ya muhogo na kunimegea bugali tonge kwa tonge. Vahwere, ninayelala naye chumba kimoja, amefua suruali zangu huku akiimba. "Weye lala tu, siye tuko hapa," alisema. Vahwere naye ameomba nafasi ileile ya Ubelgiji. Namhurumia. Hana hata gitaa.

Jioni akauliza kama anaweza kuazima langu, maana limekaa bure. Ningesemaje, na mkono umefungwa? Amekaa kitandani kwangu anapiga wimbo wangu, ule niliotunga kwa ajili ya mtihani. Anakosea palepale kila mara. Nimejizuia kumsahihisha mpaka taya zinauma.

Jumatano, 8 Machi

Nimekwisha! Madame Dorothée, mwalimu wa chuo kile, mzaliwa wa Ituri hii hii, ametua Bunia. Jumamosi asubuhi atakuja home kutusikiliza. Nafasi ya wapiga gitaa ni moja tu. Anataka mtu anayejua muziki na anayejua kuishi na wenzake, kwa sababu kule wanafunzi wanakaa nyumba moja na kupika kwa zamu.

Na mimi nimefungwa mpaka kiwiko! Nikijifungua tu, watajua. Lazima nipone kwa heshima. Nimemwendea Ambroise wa kundi la maombi aniombee. Mbele ya muujiza nani atauliza maswali?

Ambroise amefurahi mno. Amesema bila kufunga kula hakuna kupona. Sombe yangu ameila Vahwere.

Ijumaa, 10 Machi

Nimepona! Walinizunguka, wakaimba, Ambroise akaushika mkono. Nilikawia kidogo ili isionekane rahisi. Kisha nikapiga kelele, nikararua bendeji, nikapunga mkono juu. Vigelegele! Bernadette alilia machozi ya kweli, nami nikaona haya, ingawa si kwa muda mrefu.

Halafu Kahindo akasimama. Akasema mkono ulioponywa haufai kukaa bure, kwa hiyo jina langu amelirudisha kwenye mtaro. "Ile iko kwa utukufu ya Mungu," alisema. Wote wakaitika amina. Ambroise akaongeza siku moja ya kufunga, ya shukrani.

Jumamosi, 11 Machi

Jembe tangu alfajiri, tumbo tupu, malengelenge kila kidole. Madame Dorothée alinikuta ndani ya mtaro, tope hadi magotini. Akafurahi! Akawaambia wote kwamba mtu kama huyu ndiye anayefaa kuishi na wenzake. Ubelgiji niliiona kwa macho.

Kisha akanipa gitaa. Kila waya ulikuwa wembe. Nilipiga kidogo nikashindwa. Vahwere akapiga wimbo wangu wote, na mara hii hakukosea popote. Ni wimbo mzuri sana, sikujua. Nilikaa pembeni najifuta tope na niliumia kweli. Nafasi kapewa yeye. Akanishukuru mbele ya watu kwa gitaa na kwa wimbo, akanikumbatia na tope langu lote. Hata kumchukia kumenishinda!

Jumapili, 12 Machi

Sijafa bado! Baada ya ibada Madame ameniita. Kuna nafasi nyingine, ya waimbaji. Anasema moyo wangu ameuona mtaroni. Jumatano asubuhi atakuja kusikia sauti yangu, kisha anapanda ndege. Sauti tu! Mikono hata haihitajiki.

Wiki hii nimepata funzo kubwa na naliandika hapa nisilisahau: mwanamuziki asicheze na mkono wake.

Jumatatu, 13 Machi

Jumatano jioni tunamuaga Vahwere kwa sherehe. Kahindo amenipangia kuchota maji ya kupikia. Madumu yote! Mimi!

Nimemwendea palepale. Nimeonyesha koo kwa kidole na kunong'ona kwamba sauti imekufa kabisa, haitarudi kabla ya wiki kwisha. Ameamini. Falone ananichemshia tangawizi. Na Kahindo, kumbe ana roho nzuri, amekwisha kumpigia simu Madame kumwambia naumwa koo, asijisumbue kuja.