Msonobari wa Miaka Mia Tatu na Kumi

Jumatatu, 12 Oktoba

Leo nimekata shauri. Mwalimu Mu lazima aondoke bustanini. Si kwa ubaya. Kwa mpango.

Mambo yako hivi. Mwaka jana mke wangu Hefen alipasuliwa kifua. Alipotoka hospitali alikaa miezi minne akitazama ukuta. Nilimjaribu kwa supu, kwa redio, kwa makelele. Wapi! Daktari akaagiza mazoezi ya polepole na hewa ya miti. Basi mwezi wa tatu akajikokota hadi bustani ya kando ya ziwa, akaona msonobari mmoja wenye shingo iliyopinda, akasimama chini yake viganja wazi mpaka vikapata joto. Alirudi mashavu mekundu, akala bakuli mbili za uji wa uwele. Hapa mjini Jinan kila mzee ana mti wake. Ule ndio wake. Tangu siku hiyo ukuta hautazamwi tena.

Taabu ni kwamba uwanja wa mbele ya ule mti ni wa Mwalimu Mu. Alifundisha kemia miaka thelathini, na sasa anafundisha kupitisha chi, ile nguvu ya uhai, mwilini. Suti nyeupe ya hariri. Mgane! Wanawake kumi na saba nyuma yake wanainua mikono juu kama wanapokea mtoto kutoka mbinguni. Na Hefen, akimaliza kusimama mtini, hujiunga nao. Mstari wa mbele! Jana anakata kabichi, hakuulizwa na mtu, akasema pumzi ya Mwalimu Mu ni ndefu ajabu.

Na yangu je? Miaka thelathini na moja nimepuliza vioo vya chupa za chai kiwandani, kwa mapafu haya haya. Hakuna aliyewahi kuyasifu.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimeanzisha kundi langu. Jina: Pumzi ya Korongo. Mahali: chini ya mti karibu na choo, maana pengine hapakubaki. Wanafunzi: mmoja. Alikuwa akimngoja mkewe atoke chooni. Aliniita mwalimu. Najua mjini kwetu hata muuza vitunguu huitwa mwalimu na asiyemjua, lakini nilisikia raha.

Nikamwonyesha korongo kwa mguu mmoja. Nikaanguka kwenye ua wa michongoma. Aliyekuja kuninyanyua ni nani? Mu! Akanishauri mbele ya watu kwamba pumzi ianzie kitovuni, kaka Teng, si puani. Wanawake kumi na saba wakaitikia kwa vichwa.

Njiani Hefen alinitoa miiba mgongoni. Akaniambia kesho nije nisimame naye chini ya msonobari. Nisifanye lolote, nisimame tu. Nikamjibu kwamba mwanamume mwenye mpango hasimami tu. Akasema haya, mzee, kama ulivyo. Ningesema ndiyo, shajara hii ingeishia hapa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimepata! Wazo limenijia nikinywa chai.

Miti ya kale hupewa kibao chekundu cha serikali: nambari, umri, daraja. Na mti ukiwa na kibao, wazee wa mji mzima huukimbilia, maana chi ya mti mkongwe, wanasema, ni kama supu ya mifupa iliyochemka siku tatu. Sasa. Msonobari wa Hefen ukipata kibao, watu watafurika. Wakifurika, uwanja utajaa. Uwanja ukijaa, Mu na hariri yake watafute pa kwenda. Na nani atakuwa amesimama pale akieleza historia ya mti, mke wake akimtazama? Mimi.

Mfuniko wa bati la biskuti. Rangi nyekundu, herufi nyeupe. Nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: MSONOBARI WA KALE. NAMBARI 0417. MIAKA 310. DARAJA LA KWANZA.

Nimekwenda kukitundika saa saba mchana, Jinan yote ikiwa imelala usingizi wake wa baada ya chakula. Mlinzi kinywa wazi. Sikupiga msumari. Nimefunga kwa waya, taratibu. Mimi si mshenzi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Ushindi!

Hefen alikiona wa kwanza. Alisimama mbele yake muda mrefu. Akakigusa kwa kidole. Alitabasamu asubuhi nzima, na mchana akapika maandazi ya mvuke yenye nyama, ambayo tangu kupasuliwa alikuwa hajayapika. Akanijazia sahani yangu kabla ya yake. Nilishangaa kidogo. Sikuuliza, nilikuwa na njaa.

Saa tatu watu arobaini. Saa nne sikuwahesabu. Nimewasimulia kwamba mfalme mmoja alimfunga farasi wake pale. Mfalme gani? Mmoja. Mu amesukumwa hadi kule chooni, kwenye mti wangu wa zamani! Nimempungia mkono. Naye kanipungia, mnafiki.

Jumapili, 18 Oktoba

Leo sijui niandike nini.

Wamekuja hata wa ng'ambo ya mji. Nilisahau kwamba wazee wetu hawaukumbati mti tu. Huupiga kwa mgongo, dum, dum, dum, wafungue mishipa. Wagonga mgongo walikuwa kumi na wawili kwa zamu, tangu alfajiri. Bibi mmoja alikuwa akibandua magome akachemshe chai ya kutibu maungo. Nikamkataza. Akaniambia niende zangu, chi haina mwenyewe.

Hefen alifika saa moja kama kawaida yake. Hapakuwa na pa kuweka mguu. Alisimama pembeni akingoja, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema kwa upole kwamba yeye huwa anasimama pale. Mtu akamjibu, "Dada mkubwa, mti huu ni wa taifa, kaa kwenye foleni." Akangoja dakika ishirini, kisha akarudi nyumbani peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye kisa cha farasi.

Ningeling'oa lile bati pale pale. Mkono ulikuwa tayari kwenye waya. Badala yake nimeandika la pili: DAKIKA TANO KILA MTU.

Jumanne, 20 Oktoba

Ofisi ya bustani imekuja. Vijana wawili na futi ya kupimia, pamoja na Mama Xing, mtunza miti aliyestaafu. Mama Xing akasoma kibao. Akacheka mpaka akamwegemea afisa. Huo mti, alisema, kaupanda yeye kwa jembe lake, mwaka aliomzaa mwanawe. "Na mwanangu ana miaka thelathini na minane na hajaoa. Angekuwa na mia tatu na kumi ningeshakufa kwa aibu!"

Watu wote wakacheka. Nikacheka kwa sauti kuliko wote, nisishukiwe.

Kisha akazunguka upande wa pili na kicheko kikamwishia. Gome limekwisha kuanzia kiunoni hadi mabegani. Utomvu unachuruzika. Udongo juu ya mizizi umekuwa sakafu. Akauwekea mkono kama anampima mtoto homa. Akatukana tusi moja ambalo sitaliandika.

Jioni ua wa chuma ulikuwa umeshasimama. Hakuna wa kuugusa mti hadi masika ya mwaka baada ya ujao. Watu wa ng'ambo wamerudi kwao. Mu amerudi uwanjani kwake. Kila kitu kimerudi kilipokuwa, isipokuwa mti wa Hefen uko nyuma ya vyuma.

Kabla ya giza Hefen amejaribu mti mwingine, na mwingine. Anasema viganja havipati joto. Amesema bila kulalamika, jambo lililo baya zaidi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Siku ya tatu hajatoka. Anatazama ukuta.

Nimechemsha supu. Nimefungua redio. Nimeandika barua ya kuungama, lakini nilipoisoma tena mkosaji alikuwa "mtu fulani mwenye nia njema". Nimeichana.

Halafu, Mungu wa mbinguni anisamehe, nikapata wazo. Kopo la rangi nyekundu likikutwa kwenye mfuko wa Mwalimu Mu wa mazoezi, basi lawama ina mwenyewe. Nikalifunga kopo kwa gazeti. Nikavaa viatu. Nikafungua mlango.

Mu yuko mlangoni! Anahema. Amebeba dumu la lita kumi la maji ya chemchemi, amelipandisha ngazi za ghorofa tano, mtu wa miaka sabini na moja. Alisikia Dada Hefen hajisikii vizuri, na chai ya maji ya bomba haimfai mgonjwa. Hakutaka kuingia, asimsumbue. Akaniuliza hilo gazeti lina nini. Nikasema samaki.

Akasema samaki ni mzuri kwake, nimpe kwa wingi. Akashuka akishikilia ukuta. Nilikaa kwenye ngazi na samaki wangu muda mrefu. Nilijisikia takataka.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimeungama. Alikuwa akimenya vitunguu saumu.

Anajua! Anajua tangu Ijumaa ile. Amesema mwandiko wangu anaufahamu tangu barua za uchumba, kwa hiyo aliposoma kibao alinitambua kabla hajafika kwenye nambari. Akadhani nimemwandikia yeye. Amesema alisimama pale akawaza, mwanamume huyu, miaka arobaini na moja hajawahi kunipa neno tamu, leo kauvika mti wangu taji. Ndiyo maana ya yale maandazi.

Kisha akaniuliza. Kile kibao kilikuwa changu, eti?

Nikasema ndiyo. Nikatazama vitunguu. Nikasema hapana. Nikamwambia yote, Mu na pumzi ndefu na farasi. Akamenya punje nyingine saba. Mwishowe akauliza, "Mu? Yule anayenuka marhamu ya viungo?" Akacheka kidogo, na akicheka hivyo machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na vitunguu.

Nikamwambia nitafanya lolote. Nilikuwa nimeanza kuyataja. Akanikatiza. Hataki lolote. Anataka kitu kimoja: twende nyuma ya kibanda cha majembe, kuna msonobari mdogo, tusimame. Sisi wawili. Kimya.

Nimemwahidi. Namaanisha kwa moyo wote.

Jumatatu, 26 Oktoba

Tumekwenda. Tumesimama.

Mwanzoni pua iliniwasha. Kisha goti. Kisha nikawaza juu ya bei ya makaa. Kisha sikuwaza kitu. Upepo ulikuwa ukipita kwenye sindano za msonobari na mimi nilikuwa nikiusikia, mimi Teng Baoshan, ambaye kwa miaka thelathini na moja nilisikia tanuru tu. Na viganja! Vikapata joto! Si hadithi, ni kweli. Nikamchungulia Hefen kwa jicho moja. Mashavu yalikuwa mekundu.

Nikakumbuka kwamba tangu mwezi wa tatu amesimama hivi peke yake kila asubuhi, nami nikimvizia Mu hatua ishirini kutoka kwake. Asubuhi mia mbili na kitu. Zingekuwa zangu zote. Nilizijutia moja moja, na zilikuwa nyingi, zikaniliza.

Ingekuwa vizuri kama tungerudi nyumbani saa hiyo. Lakini wakapita mtu na mkewe, wakatutazama, wakauliza huu ni mtindo gani, mwalimu. Hefen alinishika kiwiko. Sikuvunja ahadi. Nilisema maneno mawili tu. Nilisema ni siri.

Jumatano, 28 Oktoba

Wanafunzi ishirini na watatu! Kwa siku mbili!

Mtindo nimeuita Kimya cha Wawili Wawili. Una hatua tisa. Nimenunua filimbi, kwa sababu kimya bila usimamizi hakifiki mbali, na wengine wananyamaza vibaya. Mu alipita, akatazama, akauliza Dada Hefen yuko wapi. Nikamwambia amepumzika. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu, ni dhahiri.

Jana Hefen alikuja, akasimama kidogo nyuma kabisa, akaupapasa ule msonobari, akaondoka kabla ya hatua ya tatu. Leo hakuja. Anasema ni magoti.

Niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake, ameelekea ukutani. Nikamwuliza kama viganja vina joto. Akavitia ndani ya vyangu. Baridi, baridi kabisa. Nikavisugua. Nikavipuliza, kwa mapafu yangu haya. Nimesikitika kutoka moyoni, sijasikitika hivi maishani mwangu, na nimemwambia hivyo waziwazi.

Kosa nimeliona. Kule nyuma kabisa chi haimfikii. Kuanzia kesho nimempangia mstari wa mbele, kando yangu, hapo kwenye filimbi.