Mnunaji Ndani ya Sufuria la Umeme

Jumatatu, 6 Juni

Hapa Oceanside, na nikitaka naweza kusema California nzima, mtu mwenye seti kamili ya vikombe vya mkahawa wa Kisiwa Kilichozama ni mmoja tu. Orval Stiggins. Mimi. Vikombe sita vya udongo, kila kimoja na uso wake wa tiki, zile sanamu za miungu wa visiwa vya Pasifiki, vimepangwa kwenye kaunta ya mianzi gerejini kwangu, chini ya taa ya samaki bunju.

Haya, vitano. Daftari ni langu, nimdanganye nani. Ninaye Mcheshi, Mlevi, Shangazi, Mlinzi na Yule wa Meno. Mahali pa sita nimeweka chupa ya sosi nikaifunika kitambaa. Mtu akiuliza, namwambia amelala. Wa sita ni Mnunaji. Miaka ishirini namtafuta kwenye maduka ya mitumba, nimemwona kwenye picha tu.

Taabu ni kwamba Jumamosi chama kinakuja. Kila Juni sisi wapenzi wa tiki tunazunguka nyumba kwa nyumba kukagua baa za wenzetu, na mwaka huu nimeshatangaza kwamba seti yangu imetimia. Merle Vandiver ndiye niliyemwambia wa kwanza. Ana vikombe vinne tu na masharubu. Akasema atakuja na lenzi. Akasema, "Tuone huyo Mnunaji wako, Orval, isije ikawa umemfinyanga jikoni."

Nimewaambia pia kwamba mwaka 1963 nilikuwa mhudumu wa baa palepale Kisiwa Kilichozama, na kinywaji cha nyumba nilikibuni mimi. Hilo nalo lina kasoro zake. Nilikuwa naosha vyombo. Wiki saba.

Basi leo saa nne asubuhi nimeingia duka la mitumba, rafu ya vikombe. Vikombe vilivyoandikwa "Babu Bora". Vikombe vya benki. Nyuma ya kikombe cha benki, yeye. Nyusi zile. Mdomo ule wa mtu aliyeonja siki. Nimeshikilia rafu. Kibandiko cha buluu, dola kumi na tano.

Mtu wa kawaida angelipa. Mimi si wa kawaida. Duka lile kila Jumatano rangi moja ya kibandiko inakuwa nusu bei, na ubaoni wameandika Jumatano hii ni buluu. Nilipe kumi na tano leo, keshokutwa awe saba na nusu? Nimemtia ndani ya sufuria la umeme, lile la kupikia polepole, rafu ya chini kabisa. Nikafunga kifuniko kwa kamba. Hakuna anayenunua sufuria la umeme lililotumika. Watu wanaogopa harufu ya mchuzi wa mwenzao.

Nimetoka napiga mluzi.

Jumanne, 7 Juni

Nimekwenda kulinda. Luz wa kaunta, Mfilipino mwenye macho ya afisa forodha, akaniuliza babu leo unatafuta nini. Nikasema kochi. Kwa hiyo ikanibidi nikae kwenye kochi. La kujinyoosha, ukivuta mpini miguu inapanda, rangi ya mchuzi, limetazamana na rafu ya masufuria. Pa kulindia pazuri kuliko hapo hapapo. Nikavua miwani ya kusomea, nikaiweka kifuani, kuipumzisha pua tu.

Nikaguswa bega. Mke na mume, wapole, risiti mkononi. Mume akasema samahani mzee, kochi tumeshalipia. Mke akasema wamenisubiri nusu saa, walinionea huruma, nilikuwa nacheka usingizini. Sikukubali kuonekana mnyonge. Nikalibeba nao, upande wa miguu ambao ndio mzito, mpaka kwenye pikapu. Wakanishukuru sana. Mume akasema wana deni langu.

Niliporudi ndani, rafu ya chini ilikuwa na pengo la mviringo.

Nimepekua duka zima. Nimepekua hata mashine ya kukamulia machungwa, ambamo Mnunaji haingii hata pua. Halafu nyumbani nikagundua miwani imeondoka na kochi. Naandika herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sina wasiwasi. Merle hajui lolote.

Jumatano, 8 Juni

Luz ananicheka waziwazi. Amesema, "Babu, unadhani ni wewe peke yako unayeficha vitu humu? Juzi nimefungua sufuria la presha, nikakuta viatu vya mtu." Amesema sufuria langu limenunuliwa na Bi. Verna Lindqvist wa kanisa la Kilutheri, kwa ajili ya chakula cha pamoja cha kesho jioni. Alifungua kamba palepale kaunta, akachungulia, akasema humu ndani kuna mtu amenuna.

Nikamuuliza kwa nini hakumtoza kikombe kando. Akajibu kilichomo ndani ya chombo ni cha mwenye chombo, ndivyo walivyokubaliana pale dukani. Akaendelea kwa sauti, wateja wote wakisikia, kwamba ningelipa Jumatatu saa hizi ningekuwa nakinywea. Kisha akawaonyesha nilivyokuwa nakoroma. Anajua kuigiza, siwezi kumnyima haki yake.

Vibandiko vyote vya buluu vilikuwa nusu bei. Sikununua kitu. Nina msimamo.

Alhamisi, 9 Juni

Mimi si Mlutheri. Mimi si chochote, ila nina tai. Nimeivaa nikaenda.

Ukumbi wa kanisa, meza ndefu, masufuria ya umeme kumi na moja kwa mstari, yote meupe, yote yanatoa mvuke. Nikaanza kufunua moja moja. Maharagwe. Nyama za mviringo. Maharagwe. Kitu cha viazi chini ya jibini. Maharagwe. Kwenye la saba mkono ukatua juu ya mkono wangu. Bibi mdogo, nywele nyeupe, amesimama wima kama msumari. Akasema, "Kijana, hapa tunapakua kwa kijiko, hatupakui kwa pua."

Nina miaka sabini na miwili, ananiita kijana.

Ndiye Verna. Nikamwambia nalihusudu sufuria lake. Hakulitazama sufuria. Alitazama masikio yangu, la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudi la kulia. Akasema aliwahi kuhudumia meza Kisiwa Kilichozama, ua kichwani na sketi ya majani iliyokuwa inamwasha, na masikio haya anayafahamu. "Wewe ni yule mwosha vyombo."

Nikasema bila shaka amenifananisha. Akasema masikio namna hii Mungu akishayaumba mara moja anajifunza.

Hakupiga kelele, nashukuru. Akaniambia kama nimevaa tai kwa ajili ya yule aliyenuna, basi nimfuate kesho nyumbani kwake. Nikala sahani mbili na jeli ya kijani yenye karoti ndani. Sijui ni nani aliyeitungia karoti njama hiyo.

Ijumaa, 10 Juni

Mnunaji yuko dirishani kwa Verna. Kichwani kwake kumeota dungusi, kama wigi.

Nimeuliza maji yanapita wapi. Verna amenionyesha kwa fahari. Ametoboa kitako, tundu la kidole, kwa drili ya marehemu mumewe. Amesema udongo ulikuwa mgumu, lakini alikaza.

Nimeomba kiti. Wenzangu wa chama wanaelewa. Mnunaji mwenye tundu ni maiti.

Lakini Jumamosi ni kesho, na maiti anayesimama wima ni bora kuliko chupa ya sosi. Nimemtajia dola saba na nusu. Amecheka mpaka akakohoa. Hataki fedha. Anataka kuja kesho, akae kaunta, awaone wale sita wakiwa pamoja tena. Nikasema karibu sana, ila wakimuuliza, Orval alikuwa mhudumu wa baa. Akasema, "Nitasema ninachokumbuka." Nikamdokezea baadhi ya mambo anayoweza kuyakumbuka. Akaihamisha dungusi kwenye kopo la kahawa, akanipa Mnunaji, akauliza kesho ni saa ngapi.

Nyumbani nimeziba tundu kwa chingamu, vipande vitatu, nikaipaka rangi ya viatu ya kahawia. Bila miwani huoni kitu. Na miwani sina. Kazi safi.

Jumamosi, 11 Juni. Alasiri, wageni wameondoka sasa hivi

Nayaandika haraka yasipoe.

Walikuja kumi na wanne. Mwenyekiti wetu, Bi. Ramona Escobedo, mkufu wa mifupa shingoni. Merle, shati la kasuku, lenzi mfukoni. Verna aliketi mwisho wa kaunta na ua la karatasi kichwani. Nikasema ni jirani.

Nikavuta kitambaa. Wote sita! Merle akaenda na lenzi akamkagua Mnunaji kuanzia nyusi hadi kidevu. Niliyaona masharubu yakishuka taratibu, upande mmoja kwanza. Ni wa kweli, akasema. Alilisema kama mtu anayetemea mate kwenye leso.

Ningekufa dakika ile ningekufa nimeshiba.

Ila chama kina desturi yake. Mwenye kikombe adimu anakijaza kinywaji cha nyumba, na aliyetilia shaka ndiye anayekunywa wa kwanza. Nilikuwa nimeisahau. Nikamimina ramu na nanasi. Merle akainua, akainamisha, chingamu ikaachia. Kasuku wote walilowa. Ramu ilishuka mpaka kwenye ndala, nikaisikia ikidondoka.

Akampindua Mnunaji. Akatia kidole kwenye tundu akakipitisha kidole kwa kila mtu, kikombe kikiwa kimening'inia. Akasema hiki ni chungu cha maua. Kisha akanigeukia. "Na wewe mhudumu wa baa, hebu tuambie hiki kinywaji ulichokibuni kina nini ndani."

Nikasema nanasi.

Akasema na nini tena.

Nikasema nanasi jingine.

Ramona akawa anatazama viatu vyake. Miaka ishirini katika chama hiki, marafiki wengine sina, na nilikuwa naona mlango wa gereji uko mbali. Verna akaweka glasi chini. Akasema Orval hakuwahi kugusa chupa pale Kisiwa Kilichozama. Alikuwa mwosha vyombo, na hodari hakuwa. Merle akacheka cheko refu.

Verna akamwambia nyamaza, kijana, sijamaliza.

Akasema siku Wanunaji walipoletwa kutoka kwa mfinyanzi walikuwa makreti manane, mzigo wa kwanza. Mwosha vyombo akaambiwa awashushe stoo kwa toroli. Yeye Verna alikuwa amesimama mlangoni anavuta sigara, na mwosha vyombo alitaka aonwe na Verna. Akapanda toroli kama farasi, akateremka nalo, akipunga mkono. Mlio wa vikombe kuvunjika ulisikika hadi barabarani. Tajiri akamkimbiza na upawa. Walipona wale waliokuwa wameshapelekwa mezani, kumi au kumi na wawili, na mfinyanzi alikuwa amedai fedha zake kwanza, zikawa zimekwisha, basi hawakuagizwa tena.

Na yote ni kweli. Sijawahi kumwambia mtu.

Nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Ndipo Ramona akavua kofia. Akasema kwa sauti ya kanisani kwamba chama kimegombana miaka kumi na tisa kwa nini Mnunaji hapatikani. Wengine walisema moto. Wengine walisema kalibu ilivunjika. Watu wawili hawasalimiani hadi leo kwa jambo hilo. "Kumbe ni wewe, Orval."

Ni mimi, nikasema.

Wakapanga mstari kunishika mkono. Mmoja akaniomba niandike jina chini ya Mlinzi wake. Wakataka wajue toroli lilikuwa na magurudumu mangapi. Merle alisimama pembeni akikamua shati, akasema hata yeye aliwahi kuvunja vitu vingi. Hakuna aliyemuuliza vitu gani.

Verna wakati wa kuondoka akaniambia nilivyopunga mkono siku ile alicheka wiki nzima. Akambusu Mnunaji kwenye nyusi. Mimi akanifinya sikio.

Jumatatu, 13 Juni

Mambo ni mazuri sana. Posta nimemsimulia karani habari ya makreti kumi na manne. Kwa kinyozi yamekuwa ishirini, na nilifanya makusudi, kupinga bei za mkahawa.

Leo duka la mitumba kuna kisahani cha majivu cha Kisiwa Kilichozama. Hicho Merle hana. Kimeandikwa dola tisa, au sita, au ni namba ya simu ya mtu. Kibandiko naona kama cha manjano, na Jumatano hii ni manjano. Nimekitia ndani ya mashine ya kuoka mkate. Mashine ya kuoka mkate hainunuliwi na mtu, hilo nimelipima. Kesho nitakuja kulinda. Wameleta kochi jipya, gumu, mgongo wa mbao. Hapo hata ukitaka kusinzia huwezi.

Nitakachohitaji ni macho. Kwa hiyo ukurasa huu nitauchana nimpe Luz aubandike kaunta. Nyie mke na mume wa kochi la rangi ya mchuzi, nililibeba upande mzito na mlisema mna deni langu. Tieni mkono pembeni mwa mto, upande wa kulia, chini kabisa. Miwani imo. Ileteni kesho kabla ya saa nne, na mkinikuta nimefumba macho, nivalisheni tu, msiniamshe.