Sauti Yangu na Maovu ya Bwana Taratibu

Ndugu Mkuu wa Vipindi,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima kwenye kiti chako kinachozunguka, wakati sisi wengine tunavuna mlichopanda. Mimi ni fundi cherehani. Sijamdhuru mtu wala kuiba kitambaa, ukiacha vile vipande vidogo ambavyo ni haki ya fundi yeyote. Kosa langu ni kuzaliwa na sauti kama ya Bwana Taratibu, yule mwovu wa mchezo wenu wa redio, anayeongea kwa upole huku akimnyang'anya mkewe shamba la urithi.

Tuliambiwa redio huelimisha jamii. Hongereni, mtaa wetu umeelimika hadi umepitiliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja. Tangu Bwana Taratibu amdanganye daktari, wateja wangu huja na futi zao za kupimia. Nikiwaahidi nguo Ijumaa, wanatazamana. Ni kweli Ijumaa nguo huwa haijaisha, lakini zamani walinung'unika tu wakaenda zao. Sasa wanaita njama.

2. Mwenye nyumba. Amempa dada yake hati ya nyumba aifiche, ati naweza kumsainisha karatasi bila yeye kuisoma, kama Bwana Taratibu anavyotaka kumfanyia mkewe. Mtu huyu hajasoma karatasi yoyote maishani, hata risiti anazoandika mwenyewe.

3. Serikali. Bwana Taratibu alipotia unga mweupe kwenye chai ya mkewe, askari mmoja, msikilizaji wenu mwaminifu, alikuja kunipekua. Akachukua chaki zangu zote za kuchorea vitambaa, zikachunguzwe. Bado zinachunguzwa. Suruali za watu nachora kwa kipande cha sabuni.

4. Mke wangu. Hapa naandika kwa uchungu. Kila asubuhi humchemshia chai kabla sijafungua karakana. Siku iliyofuata ile ya unga aliitazama chai, akanitazama mimi, akaniomba nionje kwanza. Nikamwambia, kwa upole niliojaliwa, anywe tu asiwe na wasiwasi. Kumbe ndivyo alivyosema Bwana Taratibu, neno kwa neno! Mke wangu akafungasha, akaenda kwa mama yake.

Mama mkwe, ambaye redio yake haizimwi hata akisinzia, amesema binti yake harudi mpaka nirudishe shamba. Ndugu, hatuna shamba. Tuna ndoo moja ya maua pale mlangoni, na maua yenyewe ni ya mke wangu. Nayamwagilia mimi siku hizi. Nampenda mwanamke yule, na nyumba bila yeye haikaliki.

Kwa hiyo naomba Bwana Taratibu atubu, alie kwa sauti ya kusikika hadi kwa mama mkwe, kisha arudishe shamba. Likishindikana hilo, mpeni mwigizaji maji ya barafu mpaka sauti imkauke. Na hilo nalo likishindikana, fungeni kituo. Watu wazima wasioweza kutofautisha mchezo na maisha hawafai kuachiwa redio, wapewe saa ya ukutani inawatosha. Mimi nimeusikiliza mchezo huo tangu siku ya kwanza, sijakosa hata mara moja, na haujanibadilisha hata unywele.

Nisalimie watangazaji wote, mafundi mitambo, yule dada wa taarifa ya hali ya hewa asiyepatia hata siku moja, na mwigizaji mwenyewe, ambaye nasikia ni mtu mwema anayefuga njiwa.

Wako, mpole asiye na njama,
Fundi wa Kona

N.B. Kwenye kifurushi hiki kuna gauni. Naomba apewe mke wa Bwana Taratibu, maana tangu aolewe sijasikia akinunuliwa nguo. Vipimo nimekadiria kwa sauti yake. Naona ni mwembamba wa mabega. Kitambaa nilikuwa nimemwekea mke wangu, lakini huyu ana shida zaidi. Mwambieni asitie sahihi ile karatasi, asiguse chai ya yule mnyama, na akimbilie kwa mama yake leo hii. Akisitasita, mwambieni hata mke wangu aliondoka, na kwa mume mwenye sauti kama ile alifanya vizuri.